Imla ya sentensi kwa Darasa la Kwanza hadi la Tatu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya nimeyakusanya kwa miaka kadhaa kutoka kwa walimu wenzangu wa Mtwara na Lindi tunaokutana kwenye vikao vya MEWAKA (mafunzo endelevu ya walimu kazini), na kutoka kwa wazazi wanaokuja shuleni na daftari la mtoto mkononi. Nimeyapanga kuanzia ya msingi. Jibu likiwa limeshatolewa mahali pengine, nimekuelekeza swali la kutazama.

## Mambo ya msingi

1. Imla ina tofauti gani na kunakili kutoka ubaoni?

Anayenakili anatumia jicho na mkono. Mtoto anaweza kujaza ukurasa mzima bila kusoma hata neno moja. Nimewaona wanaochora herufi kama mtu anayechora jani la mkorosho, mwandiko mzuri kabisa, na ukimwuliza ameandika nini anakutazama tu.

Kwenye imla hakuna cha kutazama. Anasikia sentensi, anaishika kichwani, anaigawa maneno, neno analigawa silabi, silabi anaitafutia herufi, na wakati huohuo akumbuke herufi kubwa mwanzoni na nukta mwishoni. Ni kazi nzito kwa mtoto wa miaka saba. Ndiyo maana inamfundisha, na ndiyo maana tukiifanya kama mtego wa kumkamata, inamvunja moyo haraka.

2. Kwa nini sentensi, wakati maneno matupu ni rahisi zaidi?

Kiswahili tunakiandika karibu sawa na tunavyokitamka, kwa hiyo neno mojamoja mtoto analipata mapema. Kinachomshinda ni kujua neno linaishia wapi. Sikiliza: "tutawapelekea" lina silabi saba na ni neno moja. "Ng'ombe wa babu" ina silabi tano tu, na ni maneno matatu. Sikio peke yake haliwezi kumwambia hilo. Ndipo unapokuta "ana kwenda", "nimtoto wangu", "namama", "kwasababu". Orodha ya maneno kumi haitayaonyesha makosa hayo hata ukiirudia mwaka mzima, kwa sababu wewe mwenyewe umeshamgawia maneno.

3. Nianze imla ya sentensi lini?

Mara tu watoto wanapojua irabu zote tano na konsonanti nne au tano. Huna haja ya kusubiri wamalize alfabeti. Ukishafundisha d, m, b na k, tayari una "Dada amebeba kuku." Kila herufi ya sentensi hiyo wanaijua. Siku mtoto wa Darasa la Kwanza anapoiandika yote bila kutazama popote, uso wake unabadilika.

Sharti ni moja: usiweke ndani ya sentensi sauti ambayo hujaifundisha. Na kabla ya sentensi pitia imla ya sauti, kisha silabi, kisha maneno, dakika mbilitatu tu, ili masikio yaamke.

4. Mara ngapi kwa wiki, na sentensi ngapi?

Mara tatu kwa wiki, dakika kumi hadi kumi na tano. Darasa la Kwanza sentensi mbili za maneno matatu. Darasa la Pili tatu au nne. Darasa la Tatu tano. Hivi ndivyo ninavyofanya mimi. Imla fupi ya mara kwa mara inafaa kuliko ile ndefu ya Ijumaa inayowaacha watoto hoi.

5. Kuna haja gani, ikiwa kwenye mtihani wataulizwa maswali ya kuchagua?

Si yote ya kuchagua. Karatasi ya Kiswahili ya Upimaji wa Kitaifa wa Darasa la Nne imekuwa na sehemu ya imla, msimamizi anasoma sentensi na watoto wanaandika. Lakini naomba tusifundishe imla kwa ajili ya siku hiyo moja. Mtoto asiyeweza kuandika sentensi aliyoisikia hataweza kuandika maelezo ya mwalimu wa somo lolote huko mbele.

## Kuisoma na kuiendesha

6. Nisome mara ngapi, na kwa mwendo gani?

Mimi nasoma mara tatu, na kila mara ina kazi yake.

Mara ya kwanza nasoma sentensi nzima kwa mwendo wa kawaida wa kuongea, penseli zikiwa chini. Nauliza maana yake: nani amefanya nini? Mtoto hawezi kushika kichwani asichokielewa. Kisha darasa lote linaitamka, na tunahesabu maneno kwa vidole. "Bibi amechemsha ming'oko" (vile viazi vya porini vya huku kwetu). Vidole vitatu. Hapa ndipo wengi wanapojifunza kwamba "amechemsha" ni kidole kimoja, hata kama mdomo umesafiri mbali.

Mara ya pili nasoma tena nzima, halafu wanaandika. Kama ni ndefu naigawa vipande vyenye maana: "Tulipofika Mikindani" kisha "tulipumzika chini ya mwembe." Sigawi katikati ya neno.

Mara ya tatu nasoma wakiwa wanafuata kwa kidole walichoandika. Ni wakati wa kujisahihisha, na ni lazima uwape. Mwalimu anayekusanya daftari mara tu penseli zinapowekwa anapima kasi, hapimi uandishi.

7. Nikisoma silabi kwa silabi si nawasaidia?

Kwa wiki za mwanzo za imla ya maneno, sawa. Kwenye sentensi hapana. Ukisema "Ma-ma a-na-pi-ka u-ga-li" umewafanyia kazi ya kusikiliza na umeivuruga kazi ya kugawa maneno, na wengi wataandika kila silabi peke yake. Vivyo hivyo kutamka "nukta" kwa sauti: fanya hivyo mwezi wa kwanza, kisha acha sauti yako ishuke mwishoni, na kwenye swali ipande. Wataisikia.

8. Mimi ni mtu wa hukuhuku, matamshi yangu yana lafudhi. Je, nawaharibu watoto?

Swali hili huulizwa kwa sauti ya chini, nami nalijibu kwa uwazi kwa sababu lilinipata.

Mwaka wangu wa pili kazini nilisoma "Mtoto amepanda mnazi." Karibu nusu ya darasa waliandika "Ntoto amepanda nnazi." Niliweka mikwaju myekundu daftari zote. Usiku, nikiwa nazirudia, nikaitamka sentensi ile polepole, na nikasikia kinywa changu: nilikuwa nimesema "ntoto" na "nnazi", kama tunavyosema "Ntwara" tukiongea nyumbani. Watoto walikuwa wameandika sawasawa kile nilichowapa. Siku iliyofuata niliwaambia hivyo, nikafuta makosa yale.

Lafudhi si aibu na huna haja ya kuongea kama mtangazaji wa redio. Ila unaposoma imla, soma kwa Kiswahili cha maandishi. Funga midomo kwenye m ya "mtoto", "mkeka", "mnazi", na watoto waone midomo yako ikifungwa. Jizoeze sentensi za kesho usiku huu, kwa sauti. Kama una mashaka, mwombe mwalimu mwenzako akusikilize aandike. Daftari lake litakuambia.

9. Sentensi nizitoe wapi?

Kwenye kitabu cha kiada zipo, na walimu waliopitia mafunzo ya Tusome Pamoja kwa upande wa Mtwara au EQUIP-Tanzania kwa upande wa Lindi wanazo nyingine. Lakini nyingi tunga mwenyewe, kutokana na maisha wanayoyaona. Mtoto wa Tandahimba hajawahi kuiona theluji, ila korosho ameziokota tangu alfajiri.

Darasa la Kwanza: "Baba amekata boga." "Dada ana mabibo." Darasa la Pili: "Tunaokota korosho shambani." "Mvuvi ameleta pweza wawili." "Bibi amechemsha ming'oko." Darasa la Tatu: "Mjomba aliuza ufuta kilo thelathini huko Ruangwa." "Je, umemsikia mbwa wa jirani akibweka?" "Meli ya gesi haijafika bandarini." Majina kama Newala, Nachingwea, Kilwa na Masasi yanafundisha herufi kubwa vizuri kuliko maelezo yoyote, kwa sababu kila mtoto ana shangazi huko.

Kila sentensi iwe na ugumu mmoja mpya tu. Ukichanganya ng', dh na alama ya kuuliza kwa siku moja, hutajua kilichomwangusha ni kipi.

## Makosa na usahihishaji

10. Watoto wa huku hukosea wapi zaidi?

Kosa kubwa ni *r na l*. Lugha zetu nyingi hazizitenganishi kama Kiswahili, basi "gari" inakuwa "gali" na "kula" inakuwa "kura". Kulisema darasani hakusaidii sana. Kulionyesha kwa maana kunasaidia. Andika ubaoni "Baba amenunua kalamu" na "Baba amefanya karamu", waulize ni siku gani watakula pilau. Baada ya kicheko, wanaanza kuisikiliza.

Linalofuata ni *ng na ng'*. Hapa tuna bahati, maana ming'oko tunaijua wote. Mtoto akiandika "mingoko", mwombe asome alichoandika, atacheka mwenyewe. Kisha weka "ngoma" na "ng'ombe" kando kwa kando. Watoto husahau ile alama ya juu kwa sababu wanaiona kama pambo. Waambie ni sehemu ya herufi, kama mkia wa g.

Kuna *m kabla ya konsonanti*, niliyoieleza katika swali la 8. Ongeza pale silabi nzito: mbwa, ngwe, mchwa. Mtoto anayeandika "baa" badala ya "mbwa" si mzembe, ameshika irabu na ameachilia kilichotangulia. Mrudishe kwenye imla ya silabi.

Irabu mbili hupotea: "amekataa" inaandikwa "amekata". Mpe sentensi mbili, "Mama amekata kuni" na "Mama amekataa kuni", aigize kila moja. Hiyo ya pili wataigiza kwa mikono kiunoni, na hawataisahau. *H* nayo huanguka mwanzoni: "apa" kwa "hapa", "abari" kwa "habari", au huingia isikotakiwa.

*Dh, th na gh* acha zije baadaye. Maneno mengi yenye sauti hizo yametoka Kiarabu, na watu wazima wengi tu husema "feza" na "selasini". Fundisha maneno machache yanayotumika kila siku, fedha, thelathini, ghali, lugha, mtoto ayajue kwa macho pia. Usimnyime usingizi mtoto wa Darasa la Kwanza kwa ajili ya dh.

Kutenganisha na kuunganisha maneno kumeelezwa katika swali la 2, na dawa yake ni vidole vya swali la 6.

11. Nyumbani wanaongea Kimakonde, Kimwera au Kiyao. Niwaambie wazazi waache?

Tafadhali usiwaambie hivyo. Lugha ya bibi si ugonjwa. Anachohitaji mtoto huyo ni kuisikia sentensi ya Kiswahili mara nyingi zaidi kabla ya kuiandika, na kuhakikishiwa maana. Kwa wiki za mwanzo mruhusu aeleze kwa lugha yake sentensi inasema nini; ukielewa kwamba ameelewa, endelea. Na mtoto asiadhibiwe kwa neno la nyumbani lililoponyoka darasani. Nilisoma kwenye darasa la namna hiyo, na ninakumbuka zaidi hofu kuliko somo.

12. Nisahihishe vipi?

Siku hiyohiyo, na mtoto awe wa kwanza kujisahihisha. Baada ya kusoma mara ya tatu, naandika sentensi ubaoni. Kila mtoto analinganisha, anapigia mstari kwa penseli neno lenye tofauti, analiandika upya chini yake. Asifute kwa raba. Alichofuta sitakiona, na ninachotaka kukiona ndicho hicho.

Kisha nakusanya daftari kumi tu, kesho kumi nyingine. Ndani ya kila daftari natafuta kosa linalojirudia, nalinakili kwenye karatasi yangu pamoja na jina. Baada ya wiki mbili karatasi hiyo inaniambia nifundishe nini upya na kwa nani. Kuandika "jitahidi" chini ya kila kazi hakumwambii mtoto chochote.

13. Nitoe alama?

Kama ni lazima, hesabu alichopata. Chukua "Bibi amechemsha ming'oko mingi." Mtoto ameandika "Bibi amechesha mingoko mingi." Ukitoa alama kwa sentensi nzima, amepata sifuri. Kwa maneno, amepata mawili kati ya manne. Kwa silabi, ukiihesabu na ile m ya "amechemsha", amepata 10 kati ya 12. Hesabu hii ya mwisho ndiyo inayoeleza ukweli: mtoto anajua kuandika, ana mambo mawili ya kujifunza.

Kuhusu kiboko kwa kila kosa: huko ni kumfundisha mtoto aandike kidogo iwezekanavyo.

## Darasa letu lilivyo

14. Kiwango ni watoto 45 kwa mwalimu. Mimi nina zaidi ya 100. Imla inawezekana?

Inawezekana, na kwa kweli ni katika kazi chache zinazoweza kulishughulisha darasa zima kwa sauti ya mtu mmoja. Ligawe mara mbili: upande mmoja unaandika imla, upande mwingine unasoma kimya au unaandika herufi, kisha mnabadilishana. Soma ukiwa katikati ya darasa badala ya mbele, ili wa nyuma wasikie sawa na wa mbele.

Watoto wawili wawili pia wanaweza kuendeshana. Mmoja anapewa kadi yenye sentensi, anaisoma, mwenzake anaandika, kisha wanalinganisha na kadi. Kadi nazikata kutoka maboksi ya sabuni, zinadumu muhula mzima. Pasipo na daftari za kutosha, tumia mchanga wa uwanjani na kijiti. Alama hazitabaki, lakini kugawa maneno kunafundishika vilevile.

15. Mvua ikipiga kwenye bati sisikiki kabisa.

Acha imla siku hiyo. Fanya ile ya kukimbia: bandika sentensi ukutani, mtoto mmoja wa kila kundi anaenda kuisoma, anarudi anamnong'oneza mwandishi sikioni, mpaka sentensi itimie.

16. Wengine hupotea msimu wa korosho au wakati wa unyago na jando. Nifanyeje wakirudi?

Kati ya Oktoba na Desemba viti huwa vitupu, tunajua. Akirudi, usimpe sentensi za wenzake moja kwa moja. Chukua karatasi ya makosa ya swali la 12, tazama alipoishia, umpe sentensi za pale kwa wiki moja. Na sentensi mojawapo iwe ya huko alikokuwa: "Tulijaza magunia mawili." Anaijua kuliko sisi sote.

17. Wanaangalizia.

Anayeangalizia kila siku anakuambia sentensi imemzidi. Mpunguzie maneno kabla ya kumkaripia.

## Kutoka kwa wazazi

18. Mimi sikusoma sana, mwalimu. Nitamsaidiaje mwanangu nyumbani?

Mama yangu, baba yangu, unaweza, na wala huhitaji kujua herufi. Mwambie mtoto sentensi moja ya jambo mlilofanya leo: "Tumepalilia mihogo." Aiandike. Kisha akusomee alichoandika, huku akifuata kwa kidole. Wewe sikiliza tu: anasoma ulichosema, au amebadilisha? Kama amebadilisha, mrudie sentensi. Dakika tano kabla ya koroboi kuzimwa zinatosha. Tahajia tuachie sisi shuleni.

## Hali za pekee

19. Ananakili vizuri mno lakini kwenye imla haandiki kitu.

Anza na masikio yake. Simama nyuma yake, asiione midomo yako, mwambie neno kwa sauti ya kawaida arudie. Kama hasikii, au kama kila siku anatazama kinywa chako, mweke kiti cha mbele na uzungumze na mzazi ampeleke kituo cha afya wamwangalie. Wakati mwingine ni uchafu wa sikio au usaha wa muda mrefu, na mtoto amekuwa akiitwa mvivu.

Kama anasikia vizuri, basi amezoea kuchora herufi bila sauti zake. Mrudishe kwenye silabi, umpe sentensi yenye pengo: "Dada ame____ kuku." Anajaza sehemu aliyoisikia. Wiki inayofuata pengo linakuwa refu.

20. Anatumia mkono wa kushoto na anachelewa.

Mwache atumie mkono wake. Mkalishe mwisho wa dawati upande wa kushoto ili viwiko visigongane, daftari alilaze kuelekea kulia. Mwongezee muda.

21. Anapata imla zote, lakini nikimwambia atunge sentensi yake anakaa kimya.

Hili ndilo linalonihangaisha zaidi, maana linawapata watoto wetu wazuri. Imla humfundisha kuandika maneno ya mtu mwingine. Tukiishia hapo tumempa kalamu na tumemnyima la kusema.

Kwa hiyo tangu Darasa la Kwanza, muhula wa pili, kila imla yangu inaisha kwa mstari mtupu. Nasoma sentensi mbili zangu, ya tatu ni yake, na lazima iendeleze zile mbili. Mwanzoni wataandika neno moja. Pokea. Mstari huo siupigii alama nyekundu wala siuweki kwenye karatasi ya makosa. Nausoma tu kwa sauti mbele ya wenzake kama mwenyewe ameridhia. Wiki kadhaa zilizopita nilisoma: "Bibi amechemsha ming'oko. Ameiweka mezani." Msichana mmoja ambaye tangu Januari hakuwa ameandika chochote kwenye mstari ule aliandika: "mimi sijapewa bado". Hakuweka herufi kubwa wala nukta. Nikaisoma darasani kama ilivyo.